Siku Mpishi Alipoulizwa Aliona Nini

Kajiado,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Mama Mwende,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo umepoa? Na nyanya zetu za kule chini, mmepata zamu ya maji ama jirani bado anaziba mfereji? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga ile simu ya dukani. Neno hili si la kusikizwa na watu wa foleni.

Unamkumbuka Lemaiyan, yule kijana wa Mashuuru? Mwaka wa zile mvua zilizokata barabara, wanafunzi waligoma wakamwaga githeri yangu, sahani zikaruka, na mwalimu mkuu wa wakati huo akaniuliza nani alianza. Nilikuwa nimeona mgongo mrefu mlangoni, nikasema ni Lemaiyan. Akafukuzwa mwaka mzima. Kabla ya mwezi kuisha nikajua alikuwa mwingine, lakini nikanyamaza kwa kuogopea kazi yangu. Ni wewe peke yako niliyekuambia, nawe ukaninunia siku mbili.

Sasa sikia. Jana ilikuwa siku ya madarasa hapa shuleni. Kila kidato huvaa rangi yake, wanaimbiana matusi ya adabu, wanakimbia, wanavuta kamba, na wanafunzi wa zamani hurudi kuwatazama. Mgeni wa heshima mwaka huu alikuwa daktari wa mifugo. Niliposikia ni Lemaiyan, mwiko uliniponyoka.

Nilipanga kujificha jikoni na nyama yangu. Lakini hapa mpishi ndiye mwamuzi wa kamba, kwa sababu hana darasa. Mimi huchota jivu jikoni nikachora mstari, na mgeni husimama kando yangu.

"Sopa, mpishi," akanisalimia.

"Epa," nikajibu. Mkono wangu ulikuwa na jasho, wake mkavu.

Kidato cha tatu na cha nne walivuta mpaka vumbi likatufunika. Kitambaa cha katikati kilienda, kikarudi, halafu wote wakaanguka, na kila upande ukadai umeshinda. Wakaanza kusukumana. Mwalimu mkuu akaja mbio.

"Mpishi, sema wewe. Ni fomu thrii ama fomu foo?"

"Atasema," Lemaiyan akasema polepole. "Huyu mzee hakosangi kuona."

Mama Mwende, niliutafuta mstari wangu wa jivu, walikuwa wameufuta kwa miguu. Shule nzima ilinitazama mdomo. Ningetaja upande wowote na mambo yangeisha.

"Sikuona," nikasema. "Vumbi ilikuwa mingi. Na hata ile siku ya githeri sikuona vizuri. Nilisema ni huyu Lemaiyan, na hakuwa yeye. Nilijua baadaye, nikanyamaza."

Mwalimu mkuu wa sasa ni mpya hapa, habari ya githeri hakuijua. Lemaiyan aliinama, akarudisha kitambaa katikati, akawaambia wavute upya. Kidato cha tatu wakashinda waziwazi.

Baadaye alikuja jikoni peke yake. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Nilikuja na maneno mingi ya kukuambia mbele ya watu," akasema. "Umeyamaliza." Akafunika sufuria yangu iliyokuwa wazi. "Mama yangu alikufa akijua ni mimi. Mzee wangu bado yuko. Nikiinamisha kichwa anisalimie, hanigusi. Tangu ile siku. Nikimwambia sikuwa mimi, anaona najitetea. Kesho utaenda umwambie wewe."

Nilikubali. Ningekataa vipi? Unajua kwao mtoto huguswa kichwa na mkubwa wake, hata awe na ndevu. Miaka hii yote huyu amekuwa akiinama bure, na ni mimi niliyemfanyia hivyo. Naona aibu kuandika.

Mwalimu mkuu ameniita ofisini Jumatatu. Ukiniona huko nyumbani Illasit na godoro langu begani usishtuke, nitashika jembe. Mwende usimwambie bado, nataka anisikie mwenyewe. Nisalimie mama yako, na mdogo wangu anayekusaidia na mfereji, na dada yako wa kwaya.

Nimevaa lile shati ulilonipigia pasi Krismasi. Gari la Lemaiyan limepiga honi getini. Sijui mzee wake atanipokeaje. Nikishasema nitasimama kando, nitazame mkono wake.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende