Kipande Cheupe cha Sponji

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba yale maumivu yake ya mgongo yamepungua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua kila asubuhi, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu zangu hupokei, na mtu hata akitaka kuichana barua, lazima aishike kwanza.

Najua umekasirika kwa ajili ya Chali. Kwa faida ya wifi, ambaye hamjui: Chali ni mkurugenzi wa kiwanda chetu cha magodoro. Jina hilo tulimpa sisi wafanyakazi, kwa kuwa kila godoro la aina mpya hulilalia yeye kwanza, chali, na suti yake na tai yake, mbele yetu sote. Kisha huinuka na kusema liko sawa au tulirudie. Kwenye kazi hana masihara.

Jumapili ile alikwenda kwenye mkutano wa wakazi wa mtaani kwake. Akasimama akasema kwamba mtu aliyehamia nchini, hata akipewa uraia, asiruhusiwe kuchagua viongozi wa jiji; mgeni ni mgeni hata akizeekea humu. Mtu akamrekodi, na Jumatatu kiwanda kizima kilikuwa kimesikia. Nilipoisikiliza sauti yake kwenye simu ya mwenzangu nilikuwa nimeshika mkasi wa kukatia kitambaa, nikauweka chini. Mama yetu ni mmoja wa hao anaowasema, na kura ya maoni kuhusu jambo hilohilo ni mwezi ujao.

Kazini kukachafuka. Maduka yakaanza kusitisha oda. Wenzangu wengine walisema kinywa ni chake na Jumapili ni yake. Lakini msimamizi wa washonaji, ambaye wazazi wake walihamia kama Mama, aliniuliza ataingiaje ofisini kwa mtu yule kuomba ruhusa ya kumuuguza mwanawe, huku akijua kwamba mtu huyo humwona yeye kama nusu mtu. Kwa vile mimi ndiye mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi, ambayo ingeamua kama abaki au aondolewe, na wao wenyewe hawakuelewana, walikubaliana nitumie akili yangu.

Basi nikamtafutia kosa la kazini. Nikwambie kweli, nilitamani kulipata. Nilizunguka idara kwa idara nikiwauliza watu wa asili kama yetu iwapo aliwahi kumnyima mtu cheo, likizo au haki yake. Sikupata hata mmoja. Huyo msimamizi wa washonaji, aliyempandisha cheo ni Chali.

Siku ya kikao cha bodi, mwenyekiti alimfungulia mlango wa kutokea: aseme alieleweka vibaya, yaishe. Chali akakataa. Alisema alieleweka vizuri kabisa, ndivyo anavyoamini, na imani hiyo hajawahi kuipitisha kwenye geti la kiwanda. Akaombwa atoke nje. Hapo mwenyekiti akatuambia kwamba tukishamalizana na huyu, tutawapitia wakuu wa idara wote, tujue nani anaamini nini, tusije tukaaibishwa tena. Mkuu wa usafirishaji, aliyekuwepo kutoa taarifa ya oda, akainamia kikombe chake. Unamjua: ndiye yule anayekuja kwenye mikutano yenu ya kutetea kura za waliohamia, na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Msumeno hukata mbele na nyuma, na pale niliyaona meno yake.

Bodi yetu hupiga kura kwa vipande vya sponji. Kila mtu hupewa viwili, cheupe cha kumbakiza mtu na cha njano cha kumwondoa, akadumbukiza kimoja kwenye ndoo iliyofunikwa. Sponji haina mlio wala uzito, kwa hiyo hakuna anayejua mwenzake ametia kipi. Chali alipona kwa kura moja.

Ukasikia, ukawaandikia ndugu wote kwamba aliyetia kura hiyo amemuuza mama yetu, na asikanyage mlangoni kwako. Shangazi akakuombea baraka. Mimi nilikaa kimya, wewe ukanishuku ukaacha kupokea simu zangu, na kimya hicho kimenichosha.

Mdogo wangu, mimi nilitia cheupe. Sikumpendelea, na aliyoyasema yaliniuma kama yalivyokuuma wewe. Lakini mtu nimpime kwa anachofanya akiwa kwenye kiti chake. Tukishaanza kuwafukuza watu kwa wanayoyaamini, watakaofuata kuulizwa ni watu wako. Kama utanichukia, nichukie ukiwa unajua.

Mama nilimwambia kabla yako. Nilimkuta anakunja nguo, nikamweleza yote, nikitarajia ama anisifu ama anigombeze. Akamaliza shuka aliyokuwa nayo, akasema vizuri, mwanangu, umemlindia mtu yule kazi yake. Sasa, akauliza, kura yangu mimi ananilindia nani? Kisha akaniambia nimpe foronya. Nilimpa.

Kesho yake nilikwenda kwa Chali kuomba likizo hadi siku ya kura ya maoni. Akauliza nina safari gani. Nikamwambia nakwenda kwa mdogo wangu kugonga milango, nyumba kwa nyumba, ili watu wampinge yeye na wenzake. Akauliza kama siku hizo zitanitosha, akatia saini.

Nitafika Jumamosi. Nipangie mtaa, hata ule wenye mbwa wakali. Kama mlangoni kwako sikanyagi, nitatafuta pengine pa kulala, lakini mtaa nipangie. Mama anataka kupiga kura na mwaka ujao pia.

Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anakuja, hata kama ataishia kusimama nje ya geti.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na sijakutua bado.