Kwa Shangazi, Aliyenifundisha Kunyamazisha Ngoma

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila salamu; ungenikata jicho hata huko uliko.

Nakukumbuka pale Murukulazo, kanga umeifunga kiunoni, ukiongoza muziki wa igizo la Pasaka. Watu walidhani kazi yako ni kufundisha nyimbo basi. Kumbe macho yako yalikuwa kwa mwigizaji kuliko kwa wapiga ngoma: anapumua vipi, anataka kusogea wapi, machozi yamefika au bado. "Muziki usimtangulie mwenye msiba," ulikuwa ukituambia.

Na ule mwaka wa mazoezi ya kilio cha Maria msalabani! Uliwafunza akina mama kulia kwa kupokezana mpaka wakalia kweli kweli. Ng'ambo ya bonde wakasikia. Haikuchukua muda, majirani wakafika na majembe na kuni, wanauliza marehemu ni nani na kaburi lichimbwe wapi. Mzee mmoja alikasirika kuambiwa ni Yesu. Uliwaomba radhi huku umeuma pindo la kanga usicheke, ukawapikia maharage, na wenye sauti ukawaingiza kwaya. Tangu hapo, kabla ya mazoezi ya kilio, ulimtuma mtu apite kuwaarifu kwamba hakuna aliyekufa.

Sasa niko Nyakanazi, na kazi yako imeniangukia mimi. Maria wetu mwaka huu alikuwa Yudita, muuza chai wa stendi, aliyemzika mwanawe majuzi tu. Kila mazoezi, akifika kwenye wimbo wa kilio, sauti inakatika. Wazee wa kanisa walinishauri nimwondoe asije akaaibika. Mpiga kinanda akasema ataongeza sauti ya spika imfunike. Yudita akanishika mkono.

"Mwalimu, usininyang'anye hii nafasi. Kwingine kote wananiambia ninyamaze."

Nilimwacha, lakini niliogopa mno, Shangazi. Nilitamani ungekuwepo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Yudita alipiga magoti, akafungua kinywa, kimya. Kinanda kikataka kuingia, nikakizuia kwa kiganja. Nikaizuia na ngoma. Watu wakaanza kutazamana, mzee mmoja akakohoa makusudi, nami kiganja sikukishusha. Ndipo akaimba. Haukuwa wimbo niliomfundisha. Ulikuwa wa kubembelezea mtoto, kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani, na aliufikisha mwisho.

Baadaye watu walinipa mkono wakinisifu kwa ule wimbo. Nikawaelekeza kwake. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye benchi anakunywa maji. Akanisogezea nafasi, nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akanitajia jina la mwanawe.

Lala salama, mwalimu wangu. Nakupenda, na huku tunakuhitaji bado.

Ni mimi,
binti wa kaka yako