Geti la Chuo

Yusta mjukuu wangu,

Salamu zako kutoka Mbeya zimefika. Hapa Kasokola hatujambo, mahindi yamekauka tunasubiri kuvuna, na mama yako amepona homa.

Umeniuliza kwa nini mama yako hakumaliza mafunzo ya ushonaji pale chuo cha ufundi cha hapa kwetu. Jibu ninalo mimi, na nimekaa nalo muda mrefu.

Mwaka ule aliokuwa akisoma, nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya chuo. Fedha za mfadhili zilitosha kujenga kitu kimoja tu. Wasichana wenye watoto wachanga waliomba chumba cha kulelea watoto wakati wa masomo. Mama yako, binti yangu mwenyewe, ndiye aliyesimama kuwasemea, wewe ukiwa mgongoni. Mimi nikasema tuanze na geti, wageni wakija waone chuo kina heshima. Wenzangu wakanyoosha mikono kukubali. Mama yako alinitazama, akakaa.

Kwa kuwa ulikuwa unalia darasani, akawa anasomea nje, dirishani. Mvua zilipoanza, akaacha.

Geti lile bado ni zuri. Mama yako akienda sokoni hupita njia ya nyuma ya chuo, ingawa ni ndefu, na mimi sijathubutu kumuuliza kwa nini.

Ni mimi babu yako.