Banamuke Bubu ba Noëlla

Nchelenge, 11 mwezi wa tano 2025

Pasteur Ilunga anakubali utumie kanisa! Nilishatangaza soko muzima.

Bon, jambo, mutoto yangu Noëlla. Uko muzima kule Lusaka? Huku mugongo inauma, lakini kinywa iko nguvu.

Niliambia bantu: mutoto nilizaa miye mwenyewe analeta banamuke bubu ba filimu za zamani. Dunia ilibasahau, yeye akabatafuta mumoja mumoja. Bamama ba kanisa banafunga kula, banabaombea bapate kusema. Jirani yangu Beauty, ule wa samaki, alishabanunulia kitenge. Batalala kwangu. Banakulaka bukari ya muhogo?

Mama yako

Lusaka, 18 mwezi wa tano

Mama mupenzi, jambo. Mugongo ipone.

Nilicheka, kisha nikaogopa. Filimu bubu ni filimu haina sauti, basi. Bale banamuke balishakufa zamani sana. Balikuwa bachekeshaji. Mumoja anapiga polisi na mukate, anakimbia juu ya manyumba! Banaume njo baliingia katika bitabu. Lakini banamuke, filimu zao zilioza katika masanduku. Huyu wa mukate, hata jina yake hatujui. Kazi yangu yote ni bantu bamuone tena, na nilitaka bamama ba kwetu babe ba kwanza. Lakini sasa banangojea muujiza. Batakuita muongo. Tuache?

Mutoto yako, Noëlla

Nchelenge, 26 mwezi wa tano

Usiache! Jana nilisimama kanisani, nikasema yote.

Jambo, mutoto. Habari ya mugongo utasikia sasa hivi.

Beauty akauliza: "Florence, ulitufungisha njaa juu ya bantu balishakufa?" Haya ikanikamata. Basi nikabaonyesha ule wa mukate: nikashika ufagio, nikafukuza Pasteur kama polisi, mupaka nikaangukia mugongo juu ya ngoma. Pasteur alicheka akashika mulango. Beauty alitoka machozi, akaomba jina ya ule mwanamuke. Nikasema haiko.

"Mutu hawezi kutuchekesha hivi na tusimuite," akasema. "Tutamuita Dada, mupaka Noëlla apate jina yake ya kweli."

Na maombi ilijibiwa: miye njo nitasimama kando ya filimu nibasemee. Kinywa ya mama yako unaijua. Kitenge nitavaa miye. Beauty anasema itanibana, ile ni wivu. Bantu ba Kilwa, ngambo ya ziwa, balishatafuta bwato. Leta mashine ya filimu, leta Dada.

Miye mama yako, nabangojea bote Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita.