Jina la Meta kwenye gare

Mjukuu wangu Kabedi,

Jambo sana. Huku Kolwezi tuko wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi, na goti langu linanisumbua kidogo tu. Unaniuliza kama kazi yako ya kuwasaidia watoto wadogo kusema ina faida, maana mtoto mmoja unayemfundisha, baada ya miezi yote hii, anasema nusu neno.

Wakati watu waliotoka jimbo la Kasai walipofukuzwa hapa, nilikuwa bado kijana, msaidizi katika shule ya watoto wadogo. Meta, mtoto wa miaka minne pale shuleni, alikuwa hasemi kitu. Familia yake, nayo ya Kasai, ililala gare, pale kituoni, ikingojea treni, nami nilimfuata huko kila asubuhi, hata majirani wakinitazama vibaya kwa kuwasaidia waliofukuzwa.

Mama yake aliniambia, "Mamzele mwalimu, acha tu. Tunaenda, unajichokesha bule."

"Mama, mu bantu bengi hivi, mutoto asiyejua kusema jina yake atapotea. Mi siachi."

Niliweka mkono wa Meta kwenye koo langu asikie sauti inavyotetemeka, kisha kwenye koo lake. Siku ya sita akasema, "Mea." Ile t ilikataa kabisa.

Treni ilipofika watu walisukumana, na Meta akaponyoka mkononi mwa mama yake. Mwanamume mmoja alimwinua juu: "Huyu mutoto ni wa nani?"

"Mea! Mea!" Meta akapiga kelele.

Mama yake, aliyekwisha kusukumwa ndani ya treni, akaitika kutoka dirishani, na watu wakampitisha mkono kwa mkono mpaka kwake.

Kesho rudi kwa mtoto wako.

Nkambo yako,
Ngoie