Mto Ungali Mawinguni

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la magodoro.
Jumapili, 14 Mei.

Mpendwa mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko ng'ambo, zikukute umeshiba, umevaa nguo nzito, na mafua yamekuacha. Hujambo? Kifua je? Masomo je? Mimi sijambo kupita kiasi. Watu wanasema nimerudia ujana, nami sina sababu ya kuwabishia. Mama yako mzima wa afya, tena ameketi hapa ubavuni mwangu anachambua maharage na kunitupia jicho, maana anajua kalamu ikiingia mkononi mwangu haishikiki.

Nimeanza na mama yako makusudi. Habari za mafuriko najua zimekufika, na ule ujumbe mfupi wa "tu wazima" ni mimi niliyeutuma kwa simu ya kuazima, maana zetu zote zilikuwa zimeisha chaji. Kwa hiyo shusha pumzi. Hajakosekana mtu, kuanzia mama yako hadi kuku wake yule mwenye kiburi. Nyumba ni habari nyingine, na nitafika huko. Lakini kwanza nikueleze ilivyokuwa, maana ukiisikia kwa mtu mwingine atakupunguzia.

Unakumbuka nilipata kazi ya kufunga mabomba kwenye lile jengo jipya la watu wa hali ya hewa? Mtaani walidhani najenga choo. Mpwa wangu, mle ndani mna kompyuta kuu. Usifikirie hizi za kuchapia barua. Ni makabati meusi, marefu kama milango, yamepangwa safu kwa safu ukumbi mzima, na ndani ya kila kabati mna bongo za mashine zisizohesabika. Zinafikiri zote kwa pamoja, na zikifikiri zinapata moto wa kuyeyusha sufuria. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Maji baridi yanapita kwenye mabomba yangu, yanazipoza, yanatoka ya moto, yanapozwa, yanarudi tena. Nikifunga koki moja tu, sayansi ya nchi nzima inakaa chini. Siku ilipowashwa mara ya kwanza, taa za mji mzima zilififia kidogo, kama zinaniinamia. Wapo wanaosema ulikuwa mgao wa umeme. Wivu tu.

Sisi wa kazini tunamwita Bi Mkubwa, kwa sababu halali usiku wala mchana, hataki vumbi, na lazima abembelezwe ndipo afanye kazi.

Anayemsimamia ni mama mmoja tunayemwita Daktari. Usije ukampelekea kikohozi chako, yeye ni daktari wa mawingu. Ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia mashine aliyosomea ujanani ilijaza chumba kizima, na akili yake haikufikia ya simu yangu hii iliyopasuka kioo. Ukiiuliza mvua ya kesho, inahesabu, inahesabu, inakujibu keshokutwa, nguo zako zimeshalowa kambani. Bi Mkubwa anaikata anga yote vipande vipande kama matofali. Kila ubongo unapewa matofali yake, kisha unamuuliza jirani: kwako upepo unaelekea wapi? Joto likoje? Mawingu yamebeba nini? Na jirani naye anamuuliza wa kando yake. Umbea mtupu, mpwa wangu, ila ni umbea wa hesabu, na unaizunguka dunia kabla hujamaliza kupiga chafya.

Wala si mvua peke yake. Asubuhi utamkuta anatafuta dawa. Anamchukua kijidudu wa ugonjwa kama kufuli, anajaribisha funguo milioni kwa milioni, ili wenye maabara wakapike zile chache tu zilizoelekea kuingia. Mchana anatikisa daraja ambalo halijajengwa, aone litavunjikia wapi. Wiki moja alizalisha nyota nzima, kutoka vumbi mpaka kuwaka, nami nimeketi pale nakunywa chai. Nilisikia joto la ile nyota kwenye bomba. Daktari anasema haiwezekani. Yeye hakuwa ameshika bomba.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti nakaza bomba lililokuwa linatoa machozi. Daktari alisimama mbele ya kioo kikubwa cha ukutani chenye ramani, mikono kiunoni, hasemi na mtu.

"Fundi," akaniita, "hivi unakaa wapi?"

"Chini ya daraja la chuma. Nyumba ya dada yangu, mimi niko chumba cha uani."

Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa?"

"Hapo hapo. Na hiyo bluu ni ya nini? Mbona mmetupakia bahari?"

"Hiyo ni kesho jioni," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mvua kubwa inakwenda kumwagika milimani, mbali huko. Kwetu jua litawaka kama kawaida, kisha mto utatushukia. Bi Mkubwa alikuwa ameihesabu siku hiyo mara nyingi, kila mara akiianza tofauti kidogo, kama mtu anayeuliza mashahidi wengi, kila mmoja kwenye dirisha lake. Karibu wote walimwona mwizi yule yule akiingia mlango ule ule. Mlango wa mama yako. Maji ya kiunoni, tena ya kasi.

"Redioni wanatangaza sasa hivi," Daktari akasema, "lakini nenda mwenyewe. Wewe ni mtu wao, watakusikiliza."

Masikini, hajui mtaani naitwa nani. Wewe unajua. Naitwa Chumvi.

Nilifika nahema. Jua kali, anga safi kama sahani iliyooshwa. Redio ilikuwa imeshasema na watu wameshaongeza sauti ya muziki, kwa sababu mwaka jana, enzi za mashine ndogo iliyomtangulia Bi Mkubwa, walitangaziwa mafuriko wakabeba magodoro kichwani, wakaambulia manyunyu. Nikasimama katikati ya mtaa nikawaambia. Labda niliongeza kidogo. Nilitaja mawimbi. Nilitaja mamba.

"Hao mamba," akauliza fundi cherehani, yule mtani wangu mwenye kibanda mkabala na kwetu, bila hata kuondoa mguu kwenye mashine, "wanakuja kupimwa au kuchukua zilizokwisha kushonwa?"

Mtaa ukaangua kicheko. Nikamgeukia mama yako, amesimama mlangoni.

"Chui uliyemkimbiza kwa ufagio alikuwa paka wa jirani," akaniambia. "Treni uliyoisimamisha kwa mkono ilikuwa imeshafika kituoni. Leo unataka niihame nyumba waliyoniachia baba na mama kwa sababu kompyuta imeota?"

(Yule alikuwa chui. Lakini tuyaache.)

Akaingia zake ndani. Nikabaki pale, na maneno yakaniisha. Mimi! Nilikuwa naiona ile bluu, na kidole cha Daktari juu ya mlango ule ule alioingilia dada yangu. Niliogopa, mpwa wangu, na hilo nakuambia wewe peke yako.

Nikaazima mkokoteni. Nikaingia, nikalibeba kabati la vyombo la marehemu bibi yako, lile lisiloguswa, nikalitoa nje. Mama yako akapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Nimelewa? Nimerukwa na akili? Naiba mchana kweupe? Sikujibu. Nikarudi, nikafungua kitanda chake. Sikujibu. Nikashusha picha za ukutani.

Akanikamata shati. "Sema basi, wewe mtu! Hata nitukane!"

Nikamtazama tu, nikaendelea kufunga kamba.

Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Jamani," nikamsikia fundi anasema taratibu, "Chumvi hasemi."

"Anaumwa?" akauliza mtu.

"Hasemi kabisa. Njooni mumwone."

Wakaja. Wakanizunguka kama wanaoangalia ajali. Wakanichokoza, wakaniuliza mamba wangapi, wa kijani au weusi. Kimya. Hapo ndipo walipoanza kuogopa, mpwa wangu. Mawimbi na mamba niliwapa bure wakacheka, kimya changu ndicho kilichowatoa jasho. Fundi akaichomoa cherehani yake mezani akaikumbatia kama mtoto. Mama yako akanitazama machoni, akanitazama tena, akaingia ndani, akatoka na birika mkono mmoja na vyeti vyako vya shule kifuani. Kabla ya jua kuzama mtaa wote ulikuwa umehamia shule ya kilimani, na magodoro yake na kelele zake.

Siku hizi nawaambia ile ilikuwa mbinu.

Kesho yake jua likawaka tena, halina haya. Kufika mchana watu walikuwa wameanza kuninunia. Fundi alikuwa na suti ya bwana harusi haijakamilika.

"Nashuka," akasema. "Nikikuta hata tope hakuna, Chumvi, nakushona huo mdomo. Sindano ninayo."

"Ukishuka utapanda ukiogelea," nikamjibu. Sauti ilikuwa imeanza kunirudia.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa bado tunavutana kwenye lango la shule, tuliposikia kitu kama malori mengi yanateremka kwa pamoja. Mto ulikuja umesimama, mpwa wangu. Rangi ya matofali, na miti mizima imelala mgongoni mwake. Jioni ile ile aliyoionyesha Bi Mkubwa, mtaa ule ule, kiuno kile kile. Aliyechukuliwa na maji ni mmoja tu, lile sanamu la kuvalishia nguo la fundi cherehani. Lilipita chini ya daraja limevaa koti la bwana harusi, linapunga mkono, na wanawake waliokuwa hawajui wakazimia.

Wanasema niliruka nikapiga kelele, "Bi Mkubwa oyee!" na walionisikia wako mpaka ng'ambo ya mto. Fundi akaninyanyua mabegani, mwili wangu huu wote, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakimbizana uwanjani wakiwa wakavu. Wakavu, mpwa wangu! Sijawahi kuona kitu kizuri kama watoto wakavu.

Nyumba, basi. Ukuta wa nyuma ulilala, ukaondoka na chumba chako na chumba changu, na kilichobaki hakifai kukaliwa. Mama yako aliona kutoka juu. Hakulia. Alisema tu, "Saa hizi ningekuwa jikoni." Akanishika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu nilipokuwa mtoto wa kuvushwa barabara. Pole sana. Najua ulizaliwa mle.

Daktari alikuja maji yalipopungua, amevaa viatu vya mpira, macho mekundu. Alitaka kujua maji yalifika wapi hasa. Nami nikapewa kazi ya sayansi, kupita nyumba hadi nyumba na chaki nikichora mstari pale tope lilipokomea. Alama hizo anafundishwa nazo Bi Mkubwa, ili safari ijayo makosa yake yapungue. Tofauti ya mstari wake na wangu ilikuwa kiganja cha mkono. Daktari alisema hilo ni jambo la kujivunia. Nikamwambia kama kuna aliyekosea kwa kiganja, ni ukuta.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Jumatano tulikuwa tunakunywa chai, mama yako akasema bila kunitazama, "Kaiulize hiyo mashine yako. Nikijenga pale pale, msingi niuinue kiasi gani?"

Nilikaribia kumeza kikombe. Maisha yangu yote huyu dada hajaniuliza hata saa ngapi!

Nikaenda mbio. Daktari akamnyeshea Bi Mkubwa mvua za miaka ambayo haijafika, nyingine mbaya kuliko hii, akaniita nijionee. Pale petu bluu inarudi, inarudi tena, na kila ikirudi imepanda. Lakini vile viwanja ambavyo mji unawagawia waliopoteza nyumba, kule juu karibu na tangi la maji la shule, vilibaki vikavu kila mara.

Njiani nilimtungia mama yako hadithi nzuri ya kumpunguzia makali. Nilipofika mlangoni nikaitema, nikamwambia kama ilivyo. Pale petu, hapana, msingi ungefika kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Kule juu, ndiyo.

Hakuniuliza kama nina hakika. Hakumtaja chui. Akajifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu, akasema, "Haya, twende ukapime." Tukapanda, mimi mbele. Nikavuta kamba upande huu, yeye akashika ncha upande ule, na kila nilipomwambia asimame hapa, alisimama hapo.

Kwa hiyo niandikie haraka, dirisha la chumba chako lielekee wapi. Asubuhi jua linatokea upande wa tangi, jioni unaona mji wote. Mimi nimekuchagulia jioni, lakini mama yako anasema mwenye chumba aulizwe.

Shangazi yako mdogo anakusalimu, na babu wa kona, na fundi cherehani anayetaka vipimo vyako kwa sababu ana kitambaa. Mama yako hataki kuongeza neno. Ameisoma barua yote na kusema safari hii chumvi imepungua. Mungu akutangulie kila unapokwenda, akupe usingizi mzito na akili nyepesi, akurudishe kwetu mkavu.

Wako akupendaye kuliko anavyojisifu, sasa pima mwenyewe,

Mjomba wako.