Siku Ulipomfunua Chacha Kifua

Mama mkwe wangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijatulia, na kwa kuwa nyumbani sina tena wa kugombana naye, nakuandikia.

Unakumbuka njia ya kutoka Matongo kwenda hospitali ya misheni? Chacha wangu alikuwa mgongoni, degedege limemwachia lakini macho hayanitazami. Ulinishika mkono ukasema, "Usimfunue kifua. Wakiona chale, nimekwisha." Ulikuwa umemchanja mbavuni kwa wembe kabla homa haijapanda, ukampaka dawa yako ya majivu. Kanisani kwetu aliyechanja mtoto alikuwa anatengwa.

Dresa, mhudumu aliyekuwa akitibu pale, alimtoboa kidole, akatazama damu kwenye hadubini, akasema ni malaria kali. Kifua hakukigusa, maana nilikuwa nimeng'ang'ania shuka nikisema mtoto anasikia baridi. Akamchoma sindano ya kwinini. Tukangoja. Degedege halikurudi, lakini Chacha hakuamka, na pua zilikuwa zikitanuka kila alipovuta pumzi. Dresa alisema dawa inafanya kazi, tuwe na subira.

Ndipo ukasimama. "Mura," ulimwambia dresa, kama unamwita kijana wako wa kuzaa, "huyu alianza kifua, homa ikafuata. Nilimchanja mimi." Ukaivuta shuka mwenyewe.

Alikufokea mbele ya wagonjwa wote, mke wa mzee wa kanisa akisikia kutoka kitanda cha jirani. Alipochoka aliinama, akasikiliza mbavu upande huu na upande ule. "Malaria anayo, na nimonia anayo," akasema polepole. "Ningetibu moja, nyingine ingemuua." Akaenda kuleta penisilini.

Ulitengwa hata kabla Chacha hajaanza kula vizuri. Hukushiriki tena meza ya Bwana mpaka unakufa, nawe ukinitania kwamba huko nje angalau kuna upepo. Sikucheka wakati ule, na mpaka leo nina hasira. Ungeweza kunyamaza, mimi nikarudi na maiti, na jina lako likabaki safi.

Mchungaji hakuja kukuzika. Watu walisimama kaburini wakitazamana, hakuna aliyethubutu kuanza sala. Basi Chacha, ambaye yuko darasa la pili, akavua kofia yake akasali kwa sauti iliyofika mpaka zizini. Mzee wa kanisa naye aliitikia amina.

Pumzika, mama. Nyumba naiangalia.

Mkweo,
Mama yake Chacha